Kipande mezani: shajara ya mradi wa mazungumzo ya historia na habari, Nairobi

Tumeanza na shilingi 45,000, watatu wetu, kila mmoja katoa 15,000. Mimi huuliza maswali. Mwenzangu hunasa sauti na kuhariri. Wa tatu ni mwalimu wa historia na Kiswahili wa shule ya upili, ambaye kazi yake ni kutuambia tumekosea, na kazi hiyo anaipenda mno. Tunachotengeneza ni mazungumzo ya dakika 40 kwa Kiswahili, pamoja na watu waliosomea mambo. Kila kipindi kinachukua habari ambayo wiki hiyo inabishaniwa ndani ya matatu, kisha tunauliza imetoka wapi: sheria gani ya zamani iko nyuma yake, wazo la nani, limepitia mikono ya nani. Naandika kila hatua inapokwisha ili mtu wa Nakuru au Kisumu akitaka kuanzisha kwao asilipie makosa ambayo sisi tumeshayalipia.

11 Januari 2025: Chumba na vifaa

Kinasa sauti cha mkono, mtumba, Luthuli Avenue: 14,500, baada ya muuzaji kuanzia 18,000. Maikrofoni mbili za kubana kolani: 3,200. Kadi ya kuhifadhia: 1,200. Mablanketi manne mazito ya Gikomba ya kuning'iniza ukutani: 2,000. Jumla 20,900. Studio ni chumba cha kulala cha mwenzangu, Buruburu, kitanda kikiwa kimesimamishwa wima.

Mablanketi yalimaliza mwangwi, lakini kanisa la jirani lina spika zake na hatukulitarajia litupishe. Jumapili haiwezekani. Jumatano jioni kuna maombi. Tumebaki na Jumamosi, saa mbili asubuhi mpaka saa tano, kabla fundi wa vyuma wa chini hajawasha mashine ya kukatia.

1 Februari: Kipindi cha kwanza, tumekitupa

Mgeni wetu alikuwa mhadhiri mstaafu wa historia, mtu mwenye kichwa kilichojaa na sauti tamu. Nilimwuliza swali nililolitunga wiki nzima: "Mwalimu, historia inaathiri vipi siasa zetu za leo?"

Alizungumza dakika 71. Alianzia mkutano wa Berlin wa 1884, akapitia kampuni ya Waingereza, reli, Vita vya Kwanza, Vita vya Pili, Mau Mau, akafika uhuru, na hapo chai ikawa imepoa na fundi wa chini ameshaanza. Ya leo hatukuyagusa. Mwenzangu alihesabu maneno "tangu ukoloni": mara 23. Si kosa lake mzee. Nilimfungulia geti la shamba zima, akalitembea lote.

Tatizo la pili sikulitarajia. Kila alipofika kwenye jambo la fikra, itikadi fulani au sera fulani, Kiswahili chake kilikatika na Kiingereza kikashika usukani. Nikimrudisha anacheka, anajaribu sentensi mbili, kisha anarudi kule kule. Wengi wa wasomi kama yeye walisomea mambo haya kwa Kiingereza na wanayafundisha kwa Kiingereza. Hakuna aliyewahi kuwadai kwa lugha nyingine.

Gharama: bahasha ya shukrani 2,000, nauli 1,000, chakula 900. Tumebaki na 20,200 na faili ambayo hatutaitoa.

22 Februari: Kitambulisho mezani

Mwalimu wetu ndiye aliyetuokoa. Alisema wanafunzi wake husinzia akisema "usajili wa wenyeji katika Kenya ya ukoloni", lakini akitoa kitambulisho mfukoni na kuuliza "hiki kilikujaje?" hakuna anayelala. Basi sheria ya kwanza ya mradi: hakuna kipindi kisichoanza na kitu kinachoshikika, kilicholala mezani kati ya mgeni na muulizaji.

Habari yenyewe ilijileta. Mwanzoni mwa mwezi huu Rais, akiwa katika ziara ya kaskazini mashariki, alitangaza kwamba vijana wa kaunti za mpakani hawatapigwa tena msasa wa ziada kabla ya kupewa vitambulisho. Tukaita wageni wawili, mwanahistoria na wakili wa mambo ya uraia. Siku tatu kabla tuliwatumia ukurasa mmoja wa maneno: usajili, uraia, utaifa, ugatuzi, hati miliki, fidia. Ukurasa huo haukutugharimu kitu na umefanya kazi kuliko maikrofoni. Mtu akishaliona neno limekaa hapo, halikimbii.

Nilikuja na hadithi iliyonyooka kama rula. Kipande, ile pasi ya ukoloni ya kumsajili kibarua Mwafrika, kilitungiwa sheria 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma, kikiwa na alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake. Kuacha kazi bila mwajiri kutia sahihi lilikuwa kosa la jinai. Harry Thuku, mwanaharakati wa Nairobi, alikipinga pamoja na kodi, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokuja kudai aachiliwe wakapigwa risasi hapa hapa Nairobi. Kwa hiyo, nikahitimisha, msasa wa kaunti za mpakani kama Wajir na Mandera ni kipande kile kile.

Mwanahistoria alikichukua kitambulisho changu, akakigeuza, akakirudisha mezani. Akasema nimeunganisha mito miwili kwa sababu yote ina maji. Msasa wa kaskazini una chanzo chake: sheria za kuzifunga wilaya za mpaka wa kaskazini, ambako kuingia na kutoka kulihitaji kibali, kisha vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, vya Wasomali wa huko waliotaka kujiunga na Somalia, kisha zoezi la 1989 la kuwachuja Wasomali wa Kenya peke yao na kuwapa kadi ya ziada. Kipande kilitaka mtu aonekane ili afanye kazi. Msasa ulimtaka athibitishe kwanza kwamba ni wa hapa. Karatasi ni moja, mashaka yaliyoizaa ni mawili.

Hiyo dakika ndiyo kipindi. Mwenzangu alitaka kunikata nisionekane mjinga, nilikataa.

Gharama: bahasha mbili 4,000, nauli 1,400, chai na mandazi 600. Zimebaki 14,200.

8 Machi: Mama mmoja ametusahihisha

Ilikuwa Jumatatu, siku mbili baada ya kipindi kutoka. Ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mtu mzima wa Kariobangi, dakika mbili na nusu, nyuma yake kuku wanalia. Nausikiliza tena kila nikijiona nimeerevuka.

"Mwanangu, hujambo. Nimesikiliza. Umesema kila Mkenya alikuwa na kipande, halafu kikawa kitambulisho. Mimi ni Mkenya. Baba alikuwa nacho, mume wangu alikuwa nacho. Mimi nimepewa cha kwanza nikiwa na watoto wanne. Kabla ya hapo nilikuwa nani?"

Tulikimbilia vitabuni. Ni kweli. Sheria iliwataka wanaume. Wanawake waliingizwa kwa marekebisho ya 1978. Tulipokuwa tunafukua hapo, tukagundua tumeruka kiungo kingine kizima. Kipande cha Waafrika pekee kiliondolewa kwa sheria ya 1947 iliyotaka watu wa rangi zote wasajiliwe, na walowezi wakaja juu, hasa kwa kuambiwa watoe alama za vidole kama vibarua wao. Kitu walichoona ni cha kawaida kwa mwingine kiligeuka tusi kilipowafikia. Ningetoa nusu ya kipindi kwa kisa hicho, nami nilikipita kama basi la usiku.

Marekebisho: tumerekodi dakika sita na kuziweka mwanzoni mwa kipindi, si mwishoni ambako hakuna afikaye. Mama tulimpigia, amekubali sauti yake itumike bila jina.

Kutokana na hapo tumetengeneza karatasi tunayoiita mnyororo. Mtu yeyote kati yetu, mgeni akiwemo, akisema jambo fulani limetoka kwa jambo la zamani, tunajaza mambo matatu: mwaka gani, mikono ya nani ilibeba kutoka pale hadi pengine, na nini kilibadilika njiani. Likikosekana moja, tunauliza tena. Neno "tangu" peke yake halipiti. Wageni wawili wameomba wakae na nakala.

29 Machi: Siku mbili Nyaraka za Taifa

Jengo la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, kila mtu hulipita akienda kupanda matatu, na wengi hulijua kama mahali pa kukutania. Zamani lilikuwa benki. Ghorofa ya chini ina vinyago, vitambaa na michoro aliyoikusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa muda mfupi mwaka 1966. Nyaraka zenyewe ndizo tulizozifuata.

Siku ya kwanza ilipotea yote. Tulitafuta Murang'a tukapata kidogo sana. Mhudumu mmoja, mama mpole mwenye miwani iliyoning'inia, akatuuliza tunataka mwaka gani. Tukasema 1920 na kitu. Akacheka: "Wakati huo palikuwa na Murang'a?" Katika majalada ya serikali ya ukoloni ni Fort Hall. Nyahururu ni Thomson's Falls. Mwenye kufuata nyayo zetu aandike majina ya zamani ya sehemu zake kabla hajatoka nyumbani.

Mwalimu wetu alituonya pia tusidhani kinachokosekana hakikuwahi kuandikwa. Uhuru ulipokaribia, Waingereza walisafirisha majalada mengi kwao na kuyaficha. Yalijulikana hadharani 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza jijini London. Miaka miwili baadaye serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Hapo karatasi iliyofichwa miaka hamsini iligeuka habari ya asubuhi, na mnyororo wake haukosi hata kiungo kimoja.

Nauli, ada na nakala: 2,350. Zimebaki 11,850.

26 Aprili: Waraka wa 1965, na dakika 19 zilizokufa

Kila mwaka wakati wa bajeti magavana na Bunge huvutana juu ya mgao wa kaunti. Kitu mezani safari hii: nakala ya Waraka Nambari 10 wa 1965, waraka wa sera ya serikali ya Kenya juu ya Ujamaa wa Kiafrika, ukiwa umefunguliwa pale unaposema fedha za maendeleo ziwekwe kwenye maeneo yatakayozalisha haraka, yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Wageni: mchumi, na mtafiti aliyezaliwa Marsabit, kule kaskazini kukavu.

Ya kiufundi kwanza, maana yametuuma. Dakika ya 19 stima ikapotea. Kinasa kilikuwa kimechomekwa ukutani na hakikupaswa kuzima, kwa sababu kina betri zake. Ila betri zile zilikuwa kwenye rimoti ya televisheni. Hakuna aliyekiri. Faili haikuwa imefungwa, kwa hiyo hakuna kilichobaki. Tulingoja saa nzima na dakika kumi, tukaanza upya, na mtu hasemi jambo moja kwa moto ule ule mara mbili. Tangu siku hiyo simu ya pili inanasa muda wote, iko ndani ya kikombe karibu na mgeni. Sauti yake si nzuri lakini ipo.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mtamu. Mchumi alisema waraka husomwa kwa hasira ya leo. Nchi ilikuwa na mtaji kidogo. Wazo la kuuweka pale utakapozaa upesi, ili mavuno yake yagawiwe wengine baadaye, lilikuwa fikra ya uchumi iliyotawala dunia wakati ule, na halikubuniwa ili kumwonea mtu wa Marsabit. Mtafiti hakubishia hilo. Aliuliza tu: "Hiyo barabara na huo umeme wa 1965, nani alikuwa ameamua viwe wapi?"

Hapo mnyororo ukajijaza mbele yetu. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Ziwa Victoria 1901. Ilikuwa imekula fedha nyingi na haikuwa na mzigo wa kubeba. Sheria ya ardhi ya 1902 ikaja kuwavuta walowezi walime kando yake ili ipate cha kusafirisha. Barabara na huduma zikaifuata njia ile ile. Miaka sitini baadaye waraka unasema tuwekeze palipo na miundombinu, kana kwamba miundombinu huota kama majani. Mchumi alinyamaza, kisha akasema kwa haki kabisa kwamba mvua nayo haikuletwa na walowezi. Tuliwaacha hapo. Katiba ya 2010 nayo inaingia kama jibu la kuchelewa, kwa kuanzisha Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyosahauliwa. Wote wawili walicheka nilipouliza kama fedha zimefika kwa wakati.

Kosa langu: wakipandana sauti niliwaacha kwa kuona raha. Mwenzangu alikaa usiku mbili kuwatenganisha. Sasa anayetaka kuingilia anainua kalamu. Inaonekana ya kitoto, lakini maprofesa wanaitii.

Gharama: bahasha 4,000, nauli 1,600, chai mara mbili kwa sababu ya stima 800. Zimebaki 5,450.

14 Juni: Kipindi kilichokataa kufanana

Hiki kilikuwa wazo langu na nililipenda kupita kiasi. Serikali ya ukoloni iliweka kodi ya nyumba mwanzoni mwa miaka ya 1900. Serikali ya leo inakata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya ushuru wa nyumba, wa kujengea nyumba za bei nafuu. Nyumba kwa nyumba! Nilishachora bango: kibanda cha makuti upande mmoja, ghorofa upande wa pili. Bango 1,800, limeshachapwa.

Mgeni, mtafiti wa historia ya kodi, aliliangalia bango kabla hajaketi. "Jina limekudanganya," akasema. Kodi ya kibanda ilikusudiwa, pamoja na kuingiza fedha, kumtoa mtu shambani kwake akatafute mshahara, kwa kuwa kodi ilidaiwa kwa sarafu na sarafu ilikuwa kwa mwajiri. Ushuru wa sasa unamkuta mtu tayari ana mshahara na kukata humo humo. Nani alibeba cha kwanza mpaka kikawa cha pili? Nilitazama karatasi yangu ya mnyororo, iliyotungwa na mimi mwenyewe, na safu ya mikono ilikuwa tupu.

Nilitaka tuahirishe. Mwalimu akasema hapana, hicho ndicho kipindi. Tukakibadilisha papo hapo kuwa mazungumzo juu ya kufanana kwa uongo, na ikawa bora zaidi, kwa sababu mgeni alituonyesha kitu kingine kinachosafiri kweli: kumbukumbu ya kutozwa bila kusikilizwa. Hii ina viungo. Katiba ya 2010 iliweka ushiriki wa umma kwa kuwa watu walikuwa wamechoka kuamuliwa. Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema ushuru wa nyumba ulivyokuwa umewekwa ulikiuka Katiba. Machi 2024 ukarudi kwa sheria mpya. Juni mwaka huo vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, baadhi yao walikuwa wameshika nakala za Katiba wakitaja vifungu kwa namba. Rais alikataa kuutia sahihi mswada siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni tarehe 25. Mgeni alisema wale watoto hawakuwa wanamkumbuka mkoloni hata kidogo. Walikuwa wanaikumbuka ahadi ya 2010, na wengi wao hawakuwa na umri wa kuipigia kura.

Bango limo nyuma ya mlango wa studio. Linazuia upepo.

Gharama: bahasha 2,000, nauli 500, bango 1,800. Zimebaki 1,150.

9 Agosti: Kofia imezunguka tena, tunashuka Mombasa

Tumetoa tena 5,000 kila mmoja, kwa hiyo mfuko una 16,150. Hatujaomba msaada wa mtu. Msikilizaji mmoja alitaka kutulipia vipindi vitatu, sharti tumwite mgeni anayemtaka yeye. Tulimshukuru tukaendelea na safari.

Kipindi kijacho ni Mwambao, ule ukanda wa pwani wa maili kumi. Mwaka 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Zanzibar iutawale kwa malipo ya kila mwaka. Mwaka 1920 bara likawa Koloni na ukanda ukabaki Himaya, yaani bado wa Sultani ila chini ya ulinzi wa Uingereza, nchi mbili ndani ya serikali moja. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, wakaandikiana barua za kuukabidhi kwa Kenya, mahakama za Kadhi zikihifadhiwa. Mahakama hizo zingali ndani ya Katiba, na maneno "Pwani si Kenya", kauli ya wanaotaka Pwani ijitenge, yangali kwenye kuta. Katikati ya viungo hivyo kuna swali la hati za ardhi, na hapo mnyororo wetu bado una matundu. Wakili wa Nairobi tuliyemwendea alituambia kwa unyenyekevu kwamba jambo hili lisirekodiwe Buruburu.

Gari moshi ni 1,500 mtu mmoja, watu wawili kwenda na kurudi 6,000. Tutalala kwa shangazi yake mwenzangu. Mgeni ni mzee wa Mji wa Kale, na amepanga saa mwenyewe: baada ya swala ya alasiri, kwake, barazani, si ndani. Maana yake mablanketi hayana kazi na pikipiki zitasikika. Nilipomweleza sheria yetu ya kitu mezani alisema anacho. Nikamwuliza ni nini ili nijiandae.

"Njoo, mwanangu. Haya si ya simu."

Nimenunua betri nne mpya, 200. Rimoti itapata za kwake.